Sema Mguu Umeruka

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo ikinijia masikio yangu yanapata moto kwa aibu. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mdakaji kwenye uwanja wa softiboli wa shule moja ya Temeke, kinyago cha mwamuzi usoni, na mbele yangu msichana wa kidato cha pili aitwaye Rukia alikuwa anajiandaa kurusha mpira. Nilifungua mdomo nikatamka neno moja. Neno hilo ndilo ninalotaka kukusimulia, wewe unayevaa kinyago hicho sasa, kwa sababu nimekuona unavyokivaa na sijapendezwa hata kidogo.

Kwanza nikwambie nilifikaje pale. Sikuwa na kozi wala cheti. Shule niliiacha darasa la sita, na sikufukuzwa, ni miguu tu haikutaka kutulia. Nimebeba zege Buguruni, nimelisha kuku wa mtu Chanika, nimechimba visima, nimefungua redio za watu na nyingine nikashindwa kuzifunga. Kila kazi nilikaa nayo mpaka nikaelewa inavyofanyika, kisha nikahama. Mwaka ule nilikuwa napaka rangi madarasa ya shule hiyo. Kutoka juu ya ngazi niliwaona wasichana wakicheza softiboli, na kwa mara ya kwanza nikaona mpira ukirushwa kwa chini: mkono unazunguka duara zima ubavuni, halafu mpira unaachiwa usawa wa nyonga na kumfikia mpigaji kabla hajapepesa macho. Nikashuka kwenye ngazi nikaenda kuuliza. Mwalimu wao wa michezo, Mwalimu Hamisi, alijibu maswali yangu siku tatu. Ya nne akachoka, akanipa kitabu cha sheria na kamusi, akasema, “Soma mwenyewe, braza, mie nina vipindi.”

Nikasoma. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza chote, nami nilikitafsiri neno kwa neno kwenye daftari kubwa, jioni baada ya jioni, nikikaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Nilipomaliza, hapakuwa na mtu mwingine pale aliyekijua kitabu hicho kama mimi. Mwamuzi wao wa zamani alikuwa amehama, kwa hiyo kinyago nikavishwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijiona jaji wa mahakama kuu.

Sasa, wewe unajua, lakini anayesoma hapa huenda hajui: mrushaji wa softiboli harushi anavyotaka. Lazima akanyage kibao chake, ashike mpira kwa mikono miwili, atulie kidogo, ndipo arushe. Na kwa sheria tuliyoitumia wakati ule, akirusha, mguu wa nyuma ulitakiwa uburuzwe chini, usiruke hewani. Akivunja lolote katika hayo amefanya kosa la urushaji. Kiingereza kina neno lake la kosa hilo. Kwenye kamusi yangu neno hilo lilikuwa na tafsiri mbili: “isiyo halali” na “haramu”. Nikachagua ya pili kwa sababu ni fupi na inapigika kelele vizuri. Hakukuwa na sababu nyingine. Mimi niliyekulia pwani, ninayejua kwamba haramu ni nguruwe, ni pombe, ni zinaa, na ninayejua watu wanamwitaje mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, nililiandika neno hilo kwenye daftari kama naandika jina la mboga.

Rukia aliishi Buguruni na bibi yake, Bi Zuhura, mshonaji wa kofia za kiua, wenyeji wa hapo tangu zamani. Mama yake Rukia alimzaa akiwa bado binti wa nyumbani, kisha akaondoka. Baba hakuna aliyemtaja. Mtaa wote ulijua, na mtaa wote ulikuwa umeamua kunyamaza kwa heshima ya Bi Zuhura. Jumamosi hiyo walikuja watu wawili wa timu ya mkoa kumtazama Rukia anavyorusha. Akichaguliwa angesafiri na timu hadi Mwanza. Alikuwa hajawahi kuvuka Kibaha.

Walicheza na shule ya Chanika. Tangu zamu ya kwanza niliona mguu wa Rukia unaruka, si sana, labda unene wa vidole viwili. Nikanyamaza. Alikuwa anarusha vizuri mno, wapigaji wa Chanika walikuwa wanapiga upepo, watu wanashangilia, nami nashangilia moyoni kana kwamba nimekuja kutazama. Hapo ndipo nilipoanza kukosea, na sitaki ulipite haraka jambo hili. Mwamuzi anayeona kosa zamu ya kwanza akaliweka mfukoni, siku atakayolitoa halitakuwa sheria tena. Litakuwa kisasi, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Zamu ya mwisho ikafika. Timu ya Rukia inaongoza kwa pointi moja, Chanika wana wakimbiaji wawili vituoni. Mwalimu wa Chanika alikuwa ananilalamikia kuhusu mguu tangu katikati ya mchezo, na sasa vijana waliokaa juu ya ukuta wa shule wakaanza kunicheka. Walisema refa ana makengeza, walisema refa kapendezwa na mrushaji. Ikanichoma. Rukia akazungusha mkono, mguu ukaruka kama ulivyoruka mchana kutwa, na mpira ukiwa bado hewani nikapiga kelele kwa pumzi yangu yote: haramu.

Sasa sikiliza jinsi ujinga unavyozaa. Mpigaji wa Chanika aliupiga mpira ule, tena akaupiga barabara, ukapita juu ya vichwa vya wote. Lakini mimi nilikuwa nimeshapiga kelele na kupunga mikono miwili, na uwanja mzima ukaganda. Wakimbiaji wawili ambao wangefika kituo cha nyumbani wakitembea na kupata pointi walisimama njiani, hawajui waende au warudi. Kwa kelele moja nilimwonea aliyekosea na nikawaonea waliokosewa. Mwalimu wa Chanika alinijia mpaka kifuani akiuliza ni kitabu gani kimeniambia nisimamishe mpira ambao mtoto wake ameshaupiga. Hakipo. Kitabu changu mwenyewe kilisema ngoja, nami nilikuwa nimeutafsiri ukurasa huo kwa mkono wangu.

Watu wa ukutani hawakusikia sheria. Walisikia neno.

“Oya refa,” mmoja akauliza, “nani haramu?”

Ningeweza kunyamaza, mwanangu. Nilikuwa na nafasi hiyo. Badala yake nikanyoosha kidole kwa Rukia nikasema, “Huyo. Karusha haramu tangu mwanzo.”

Kisha sauti nyingine ikatoka kule juu, “Kumbe refa kasoma mpaka cheti cha kuzaliwa.” Ukuta mzima ukacheka, na wengine wakaanza kulipokezana neno langu kama wimbo.

Rukia hakulia. Aliinamisha macho kwenye kibao kana kwamba kuna maandishi anayatafuta. Mipira iliyofuata yote ilidunda mbele ya mpigaji au kumruka mdakaji, na kila alipoinua mkono ukuta ulimwitikia kwa neno lile. Chanika wakashinda. Wale wawili wa mkoa walikunja karatasi zao wakaondoka bila kumwita.

Jumatatu nikaletewa ujumbe kwamba bibi yake Rukia ananiita. Nilikwenda Buguruni nikiwa nimejiandaa, kitabu cha sheria kwapani. Bi Zuhura alikuwa ameketi mkekani ukumbini, kofia iliyoshonwa nusu iko magotini. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akanionyesha pa kukaa. Rukia hakutoka chumbani, lakini pazia la mlango wake lilikuwa linatikisika kidogo. Nikaanza kusoma sheria. Bibi wa watu akaniacha nisome ukurasa mzima mpaka mwisho. Nilipomaliza akaniambia nimwonyeshe kwa mwili, siyo kwa kitabu, alichokifanya yule binti. Nikasimama kwenye sakafu ya saruji, nikazungusha mkono, nikauacha mguu uruke.

“Rudia,” akasema.

Nikarudia.

“Kwa hiyo kilichokosea ni mguu.”

“Ndiyo, bibi.”

“Umeruka.”

“Umeruka, bibi.”

“Sasa, baba, kama mguu umeruka, kwa nini hukusema mguu umeruka?”

Nikamweleza habari za kamusi. Akachomoa sindano kwenye kitambaa, akaitazama ncha yake, akaanza kuzungumza taratibu. “Mie nikikosea kishimo kimoja kwenye kofia, nafumua kishimo hicho. Siitangazii Buguruni kwamba kofia najisi. Mtoto huyu nimekaa naye tangu hajaota meno, na watu wa hapa wana midomo, unawajua, lakini hakuna hata mmoja aliyelitamka neno hilo mbele ya mlango wangu. Mpaka umekuja wewe na filimbi yako.”

Nikamwambia kwamba waamuzi wa softiboli hatutumii filimbi.

Ndiyo, mwanangu. Ndicho nilichomjibu mama wa watu, nyumbani kwake, siku hiyo. Kila nikilikumbuka jibu hilo natamani ningekuwa nimezaliwa bubu.

Hakupandisha sauti. Alinipa sharti moja tu: Jumamosi inayofuata, uwanja uleule, watu walewale, kwa sauti ileile, niseme kwamba kosa lilikuwa la mguu na kwamba neno lile lilikuwa langu mimi, si la mtoto. Nikaanza kumwomba radhi pale pale mkekani, akanikatiza. “Hapa hakuna aliyesikia,” akasema. “Nenda kaliokote ulipoliangusha.” Nikaahidi. Akaniruhusu niondoke. Chai sikupewa, na hilo kwa watu wa nyumba ile lilikuwa tusi tosha.

Jumamosi ikafika. Ukuta ulikuwa umejaa kuliko siku zote, maana habari ilikuwa imeenea na watu walikuja kuona sarakasi. Nikawaona, nikaingiwa na woga. Nikajiambia mwamuzi akikiri kosa mbele ya watu hatasikilizwa tena. Hiyo ndiyo sababu waamuzi wote waoga hujipa, tangu kwenye mpira mpaka mahakamani, nami nilijipa. Nikamvuta Mwalimu Hamisi pembeni nikamnong'oneza kwamba lile neno halikuwa sahihi, tafadhali amwambie binti. Akaenda akamwambia. Nikaona limekwisha.

Rukia akapanda kwenye kibao chake. Akashika mpira kwa mikono miwili kama sheria inavyotaka, akatulia. Akaendelea kutulia. Nikaanza kuhesabu moyoni, kwa sababu kitabu kinampa sekunde kumi tu, na hata wakati huo, Mungu anisamehe, akili yangu ilikuwa kwenye kitabu.

“Mwamuzi,” akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka ukutani. “Bibi kasema utasema.”

Kila mtu akageuka kunitazama. Nilichotakiwa kusema kingeisha kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Nikasema, “Endelea na mchezo.”

Akachuchumaa. Akauweka mpira juu ya kibao, akaushika kidogo mpaka akahakikisha haubiringiki. Akavua glavu akailaza pembeni yake. Akatoka uwanjani akitembea, hakukimbia, akapita chini ya ukuta uleule, na safari hiyo hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu hata wahuni wana siku wanaona haya. Mimi peke yangu ndiye sikuona haya. Niliita mrushaji mwingine.

Rukia hakurusha mpira tena. Mwalimu Hamisi alimfuata nyumbani mara mbili akarudi mikono mitupu. Alimaliza kidato cha nne, akaolewa Mbagala, ana watoto wakubwa sasa. Tukikutana ananiamkia kwa heshima zote, na ile shikamoo yake huniingia kama mwiba, maana najua ananipa kitu ambacho mimi nilimnyima.

Utaniuliza kama niliwahi kuyasema hadharani yale niliyomwahidi Bi Zuhura. Niliyasema, miezi minane baadaye, katikati ya uwanja uleule, kwa sauti kubwa. Bi Zuhura alikuwa ameshafariki. Wachezaji walikuwa wapya, na juu ya ukuta walikuwa watoto wanaotafuna miwa. Mmoja akamuuliza mwenzake huyu refa anaongea na nani.

Na kuna hili, linalonitia hasira hata nikiwa nimekaa peke yangu nakunywa maji. Kijana mmoja anayefuatilia mambo haya aliniambia, nami nikaenda kuhakikisha kwa macho yangu, kwamba vipo vitabu vya sheria sasa vinavyoruhusu mguu wa mrushaji kuruka. Watu wameketi mezani, wamejadili, wamefuta mstari, basi. Kile nilichokiita haramu kinaruhusiwa. Umewahi kusikia nguruwe kahalalishwa na kamati? Ile ilikuwa kanuni ya mchezo tu, mwanangu, kitu cha kupangwa na kupanguliwa, nami nilimpachika mtoto kwa ajili yake neno lisilofutika.

Nilidhani ujinga huo ni wangu peke yangu, nitazikwa nao uishe. Wiki iliyopita nimekwenda Goba kutazama wasichana wanacheza. Mrushaji alikuwa na miaka kumi na minne hivi, mwembamba, soksi zimemteremka. Akakosea kutulia kabla ya kurusha. Mwamuzi, kijana nadhifu, akaruka mbele, akausimamisha mchezo kwa kupunga mikono miwili mpira ukiwa bado hewani, akamnyooshea kidole yule mtoto, akatikisa mabega kidogo kwa ajili ya waliokuwa wanarekodi kwa simu, akapiga kelele. Neno alilopiga kelele lilikuwa neno langu.

Mchezo ulipokwisha nikamfuata. Akaniamkia vizuri. Nikamwambia aache kuwadhalilisha watoto wa watu, akacheka kwa adabu. “Punguza presha, mzee wangu,” akasema, “bila mbwembwe watu hawaji uwanjani.” Nikamuuliza neno lile kalitoa wapi. Akasema ndivyo walivyofundishwa na waliowatangulia, na hao walikuwa na daftari la zamani lililonakiliwa kutoka Temeke, tafsiri ya sheria zote, kazi nzuri sana ya mtu mmoja asiyejulikana.

Nilikaa chini kwenye jiwe. Akadhani ni jua.

Basi sikia, wewe kijana wa Goba na wenzako wote, kwa maana aliyeandika daftari lile ndiye anayekuandikia sasa, na ukurasa ule naufuta. Ukiona mguu au mikono inakosea wakati wa kupasha misuli, mwendee mwalimu wake umwambie kabla mchezo haujaanza. Ukiliona kosa zamu ya kwanza, lisimamie zamu ya kwanza, kwa timu zote mbili, kwa aliye maarufu na asiyejulikana. Likitokea, nyoosha mkono wa kushoto pembeni, ngumi imefungwa, useme kwa sauti ya kumfikia mpigaji na mdakaji: kosa la urushaji. Inatosha. Ukutani hakuna mtu anayecheza, kwa hiyo usiwapigie kelele. Kisha ngoja. Usiukate mpira. Uache umalize safari yake, na mpigaji aupige akiweza, maana hajakosa kitu. Mchezo ukitulia ndipo useme. Kama mpigaji amefika kituo cha kwanza na wenzake wote wamesogea walau kituo kimoja, kosa limekwisha, endeleeni. Kama sivyo, muulize mwalimu wa wapigaji anachagua nini, yaliyotokea au adhabu ya kitabu. Adhabu yenyewe ni kumhesabia mpigaji mpira mmoja mbaya wa mrushaji, ile ambayo ikifika minne humpa kituo cha kwanza bure, na vitabu vingine vinawasogeza na wakimbiaji. Chako kinasemaje, kisome kabla hujavaa kinyago, na ukisome katika lugha ambayo mtoto yule anaisikia.

Akikuuliza amekosea nini, mwonyeshe. Sema mguu umeruka. Sema mikono haikutulia. Usiende hata shubiri moja zaidi ya hapo, kwa kuwa huijui nyumba aliyotoka na wala haikuhusu. Na siku utakapokosea wewe, sema uwanjani, mchana ule ule, wakati waliokusikia bado wamekaa, kwa sauti ile uliyokosea nayo. Ukingoja upate ujasiri utakuja kuongea na watoto wanaotafuna miwa.

Mwenyezi Mungu akukinge na tamaa ya kuchekewa. Akupe jicho la kuuona mguu, na ulimi unaokomea hapo hapo mguuni. Na watoto wa watu unaowaamua, awarudishe makwao kila jioni na majina waliyotoka nayo asubuhi.